Pilipili Iliyofukuza Wakwe Kisumu Ndogo

Nitawaambia, lakini mtu akicheka kabla nimalize naenda zangu. Ni kitu ya aibu, najua, nimeibeba miaka yote hii, na bado nikiikumbuka hasira inanipanda, hasira ya ile supermarket, hasira ya wale watu wa Kabiro, na ile kubwa kabisa, hasira ya hii kichwa yangu.

Ndugu yangu Wycliffe, fundi wa viti, alikuwa amepata msichana wa Kabiro, kule Kawangware, Wairimu, binti ya watu wenye ploti (na mamake hangemaliza kukusalimia kabla ujue wako na ploti). Sasa Wakikuyu wako na desturi inaitwa itara: kabla waseme ndiyo, akina mama wa msichana wanakuja kuona jiko la kwa kijana, waone binti yao anaenda kupika wapi na kula nini. Wazazi wetu walikuwa Kakamega, kwa hivyo jiko la kuonwa lilikuwa langu, chumba kimoja cha mabati hapa Kisumu Ndogo, Kibera, mimi muuza samaki wa omena. Wycliffe akaniambia, "Siste, tafadhali. Wakikataa hapa imeisha. Mamake amesema hapeani binti kwa watu wa shida."

Watu wa shida! Hiyo neno iliniingia. Badala ya kununua vitu kwa Mama Rehema, jirani ambaye huniuzia mboga kila siku ya Mungu, nikavaa viatu vya kanisa nikaenda supermarket, ile ya mabibi wenye magari, ndio hata mfuko wake ukae mezani wauone (ndiyo, nilitaka waone mfuko, sasa mnataka nidanganye?). Hapo kwa mboga nikaona hivi vitu vidogo, rangi ya machungwa, vimekunjamana kama hoho iliyosahaulika juani. Karatasi imeandikwa bei peke yake, jina hakuna. Nikauliza mhudumu, "Hii ni nini?" Akaangalia karatasi, akaniangalia. "Ni mboga, madam." Mboga! Mtu anaamka asubuhi, anafunga tai, anaenda kazi kuambia watu mboga ni mboga.

Nyumbani nikakata ncha kidogo, nikaonja. Tamu, na harufu kama ya tunda. Nikajiambia basi hizi ni hoho za wazungu, zao ni ndogo ndogo. Mama Rehema alikuwa hatua kumi kutoka mlango wangu, ningemuuliza, lakini ningeanzaje, nimwambie leo nimemruka nimeenda kwa matajiri? Nikabakisha moja tu, zingine zote nikazikatakata na kitunguu.

Jumamosi mchana wakafika, akina mama saba, wamejaa chumba mpaka kwa kitanda. Mama Wairimu akavuta stuli karibu kabisa na jiko la makaa. "Wacha tuone unavyopika," akasema. Mafuta yalikuwa yameshika moto vizuri. Nikamwaga bakuli lote.

Woi! Koo lilifunga hapo hapo. Mama Wairimu akaanza kukohoa kikohozi cha kutoka tumboni, wengine wakajifunika na leso, mmoja anaita Yesu kwa Kikuyu, mimi nataka kusema pole na sauti haiji. Wycliffe akafungua mlango, na hapo ndipo aliharibu kabisa, kwa sababu ile hewa ikatoka nje, na hiyo ilikuwa miaka ya maandamano, hakuna mtu Kibera hakujua hiyo kitu ya kuwasha macho na kufunga koo. Jirani akapiga nduru, "Teargas! Wamekuja!" Vibanda vikafungwa, walevi wakatoka bar mbio na chupa mkononi, kanisa upande ule wakakata wimbo katikati. Wale mama wa Kabiro kuona watu wanakimbia, nao wakakimbia, na aliyekuwa mbele ya wote ni Mama Wairimu, mpaka mguu wake ukaingia kwa mtaro hadi goti. Kiatu hatujakipata mpaka leo.

Watu walipojua hakuna polisi, ni mimi na sufuria yangu, walicheka wakakaa chini. Mama Wairimu hakucheka. Akaniangalia na macho mekundu. "Jiko tumeliona," akasema, wakaenda.

Mama Rehema akaingia, akaokota ile moja iliyobaki, akainusa mara moja tu. "Si hii ni pilipili mbuzi? Nilikaa Mombasa nikiila. Huku kwa ncha haina kitu, ukali wote umekaa huku juu karibu na kikonyo. Ungeniuliza, Mama Brenda."

Jumatatu maneno yakafika kutoka Kabiro: ati nilifanya makusudi, ati sitaki ndugu yangu aoe Mkikuyu. Makusudi! Na Wycliffe, mtoto nilimbeba mgongoni, akakaa kwa kitanda changu akaniuliza polepole, "Siste, kweli haikuwa makusudi?"

Nikaweka ile pilipili kwa mfuko wa sweta, nikatembea na miguu kutoka Kibera mpaka Kabiro, na njia yote nikitukana.

"Sikuja kuomba msamaha," nikawaambia mlangoni, "nimekuja kuwaonyesha." Nikakata ncha, nikampa Mama Wairimu. Akampa dadake aonje kwanza (yaani mimi sasa nauza sumu). Dadake akatafuna. "Ni tamu," akasema.

"Hivyo ndivyo nilionja mimi."

"Na ile kali iko wapi?" Mama Wairimu akauliza, kama askari.

Basi nikatupa yote iliyobaki mdomoni, nikatafuna nikimwangalia machoni.

Niliona sekunde mbili, ya tatu sikuona. Machozi, kamasi, masikio yanalia. Nikasikia Mama Wairimu amenishika, ananipigapiga mgongo, "Basi, basi mama, usilie. Tumekusamehe." Nani aliomba msamaha? Nilitaka kumwambia hii si kujuta, hii ni pilipili, lakini ulimi haukuwa wangu. Akanipa maziwa, akaendelea kunishika. Na hapo kwa bega lake nikakumbuka vile Wycliffe aliniuliza, na kusema ukweli wa Mungu, sijui machozi gani yalikuwa ya pilipili na gani hayakuwa.

Walioana, wako na watoto. Na mpaka wa leo kila sherehe huko kwao Mama Wairimu lazima asimame aambie wageni vile nilikuja kulia kwake nikitubu, na mimi nakaa hapo na sahani yangu nimekasirika, na Wycliffe ananikanyaga mguu chini ya meza ninyamaze. Nanyamaza. Lakini kitu haina jina, hata wakinipa bure, haiingii kwa sufuria yangu tena.