Nilivyomfukiza Mama

Mbu waliomuuma mama yangu niliwafuga mwenyewe, uani, ndani ya mapipa matano yasiyo na vifuniko. Hapa siwezi kumsingizia mtu.

Ulikuwa wakati wa korona. Watu walipoambiwa wakae majumbani walinung'unika. Mimi nilijiona nimewatangulia darasa, maana nyumba yetu ya Mpendae sijaitoka kwa hiari tangu nimalize fomu foo. Nikaogopa maji ya bomba yatakatika, nikajaza mapipa. Homa ya dengue, ile inayoletwa na mbu, ilikuwa imeshaanza mtaani, na mabwana afya wakaja kukagua maji yaliyotuama. Niliwajibu dirishani, barakoa mbili usoni: "Rudini korona ikishaondoka." Kisha nikajisifu kwa mama kuwa nimemuokoa.

Wiki haikwisha, mama akashikwa na homa. Kichwa kinamgonga, viungo vinauma hata kikombe hakishiki. Mimi, daktari wa dirishani, nikaamua: korona. Nikachemsha mchaichai, mkaratusi na karafuu, nikamfunika blanketi juu ya sufuria, asubuhi, mchana na jioni. Akitoka jasho nafurahi. Akiomba maji nampa funda moja, nisije nikaipoza dawa.

Siku ya tatu jirani yetu, bibi muuza maandazi, aliingia bila ya kubisha. Mama hawezi kuinua kichwa, midomo imempasuka.

"Shikamoo Bi. Usisogee, ana korona."

"Marahaba. Kapimwa?"

"Hajapimwa, lakini nshamfukiza mara nane."

"Nimekuuliza kapimwa, sikukuuliza umempika mara ngapi."

Akamvisha mama buibui, tukampeleka kituo cha afya. Wakamtoa damu: dengue. Daktari alisema mwili umekauka, na lau tungechelewa siku moja tungekuwa tunazungumza mengine. Akamtundikia dripu, akanigeukia na kuniuliza, kwa upole kabisa, kama nyumbani kwetu hatuna maji.

Niliporudi niliyamwaga mapipa yote. Viluwiluwi walikuwa wamenona kuliko mgonjwa wangu.

Baada ya siku mbili mama alirudi, akaomba uji, akataka apikiwe na mtu mwengine. Nikaenda kumshukuru jirani, nimeshajipangia maneno marefu. Hakuyangoja.

"Mamako hana mtoto mwengine, ana wewe tu, na wewe ndo hivyo. Siku akiumwa tena usimtibu. Nigongee ukuta."