Nilidhani nimemkatia mume wangu mchezo, kumbe nimemkatia mtoto wake

Habari zenu nyote. Admin, nifiche tafadhali, wateja wangu wengi wanakusoma. Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, fundi cherehani hapa Kigali, upande wa Rwezamenyo. Nina mume na watoto wawili. Mume wangu alinioa baada ya kuachana na mke wake wa kwanza, ambaye anaishi Ubelgiji na binti yao wa miaka kumi na tatu.

Mume wangu ana mashine ya gemu, ile inayounganishwa na televisheni. Jumamosi mchana akifunga duka anavaa hedifoni, anashika pedi ya kuchezea, anacheza mpira na watu wa mbali. Kadi yake ya benki hailipi nje ya nchi, kwa hiyo kifurushi cha kuchezea mtandaoni kilikuwa kinakatwa kwenye kadi yangu, naye ananirudishia. Hata hivyo kiliniuma. Nilimwuliza, "Mashine umenunua, mchezo umenunua, intaneti tunalipia. Sasa hawa wanataka nini tena kila mwezi?"

Akanijibu kwa upole, "Bila hicho nitacheza na mashine peke yangu."

Nikamwambia basi acheze na mashine, mtu mzima mzima. Mimi nikaingia kwenye simu nikakifuta, na kilipoisha nikamwambia benki imeikataa kadi yangu. Aliniamini palepale, hata akanipa pole.

Baada ya hapo alipooza. Alizunguka kwa rafiki zake akiuliza nani ana kadi inayolipa nje, hakupata. Jumamosi moja nilikuwa naanua nguo uani, nikamsikia anaongea kwenye simu, sauti ya chini, Kiswahili na Kifaransa pamoja.

"Hapana, chérie, mpenzi, sijakuchoka. Tantine ndiye alikuwa anatulipia, ni benki tu imemsumbua. Usimkasirikie."

Tantine, yaani shangazi, ni mimi. Nilisimama na nguo mikononi.

Alipokata simu nilimwuliza alikuwa nani. Akaniambia ni binti yake, ndiye anayecheza naye siku zote. Kwenye simu mtoto anajibu ndiyo na hapana, kisha kimya. Lakini wakicheza, macho yakiwa kwenye mpira, anasema yote: shule, ugomvi na rafiki zake, bwana mpya wa mama yake. "Pale ndipo ninapomlea," alisema.

"Mbona hukuniambia?"

"Kila nikimpigia unanuna mpaka kesho yake. Nikaona bora udhani nacheza tu."

Na ni kweli. Nilikuwa nagonga sufuria makusudi akiongea na mtoto wake. Mimi ndiye niliyemfundisha kujificha na damu yake ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Kesho yake nilikirudisha kifurushi, nikasema benki wametengeneza. Uongo wa pili. Walipoanza kucheza aliniita, akanivisha hedifoni. Nikasikia sauti ndogo, nzuri, inasema, "Tantine, asante. Papa anasema ulihangaika sana benki kwa ajili yetu. Pole."

Nilisema karibu, mwanangu. Akaniuliza kama nataka kujifunza, yeye atanifundisha. Siku hizi hawaanzi kabla hajaniulizia.

Mume wangu amewasimulia mpaka dada zake jinsi nilivyopigania mtoto. Wananisifu mbele ya watu, mimi natazama chini, wanadhani ni heshima. Nikiswali naona aibu hata kuinua mikono.

Sasa leo asubuhi amenieleza kwamba binti anataka kuja kwetu likizo kubwa. Akasema, "Ningeogopa zamani, lakini sasa najua yuko mikononi mwako." Nimemwambia aje. Nikikiri kwake, naogopa atamficha tena mtoto, na mtoto atajua kwamba zile wiki alizodhani baba yake amemchoka, tatizo halikuwa benki. Nikinyamaza, nitampokea uwanja wa ndege kwa mikono ileile iliyomkatia baba yake mchezo.

Nitukaneni mkitaka, nimestahili. Ila wale mnaolea watoto wa wenzenu, niambieni: nimweleze mume wangu kabla mtoto hajafika, au nimlee vizuri nikae na aibu yangu?