Baba alitengenezwa mshipa mkuu wa damu bila kupasuliwa tumbo

Salamu wakuu, popote mlipo. Mimi nyuzi zenu nasomanga tu kimya kimya, ila hii imenishinda kukaa nayo. Niliyoyaona nawapa yalivyo. Yale niliyosimuliwa nitasema nimesimuliwa.

Mimi ni mwalimu, naishi mjini, mtaa wa Amalemba. Baba ana miaka sabini na saba, yuko nyumbani kijijini, Musanda. Alikuwa mtu wa boila, lile tangi la kuchemshia maji ya mvuke, kiwanda cha sukari hadi akastaafu. Sigara alivuta sana. Sasa moyo ni dhaifu na mapafu yamechoka. Akitoka mlangoni kwenda kwa ng'ombe lazima apumzike njiani.

Mwaka jana mkojo ulimsumbua, nikampeleka ultrasound hapa mjini. Dada aliyempima alikuwa anapiga stori vizuri, mara akainamia skrini. Akarudisha kifaa juu ya kitovu. Akarudia tena.

Kisha akaenda kumwita daktari.

"Mshipa mkuu unaotoa damu kwa moyo umevimba hapa tumboni," daktari akasema. "Umeona tyubu ya baiskeli ikitokeza pale tairi imeisha? Ni hivyo. Ukipasuka, huenda asifike hospitali."

Na Baba hakuwa anasikia uchungu wowote! Hapo ndipo niliogopa.

Tukatumwa Eldoret kwa daktari wa upasuaji wa mishipa. Akaangalia CT scan, akaangalia majibu ya vipimo vya moyo, akavua miwani.

"Mzee, nikikupasua tumbo, moyo wako hautavumilia. Lakini naweza kupitia hapa kwa kinena." Akaeleza kwamba wanaingiza waya mwembamba kwa mshipa, halafu juu ya waya wanapitisha mrija wa kitambaa uliokunjwa. Ukifika pale palipovimba unafunguka, damu inapita ndani yake.

Baba akasema, "Yaani mnavalisha bomba ndani ya bomba."

Daktari akacheka. "Kabisa, mzee."

"Na wewe umefanyanga hii?"

"Nimefanya mara nyingi. Na kuna mgonjwa nilimpoteza. Sitakudanganya."

Baba akasema, "Basi wewe nitakuamini."

Wakuu, hakulazwa usingizi. Alichomwa sindano ya ganzi tu. Anasimulia kwamba aliona mishipa yake mwenyewe kwa skrini, waya ukipanda polepole, daktari akimwambia, "Mzee, shika pumzi." Akashika. Kitu kikafunguka ndani yake kama mwavuli, na hakusikia chochote.

Mimi nilikuwa nje kwa benchi. Sala zote ninazojua zilikuwa zimeniisha.

Alipotoka aliomba chai.

Niliinua shuka kutafuta kidonda. Nesi akanicheka. Kulikuwa na alama mbili tu, kila moja fupi kuliko kidole changu kidogo. Nilikaa chini nikalia. Na mimi ninafundisha sayansi.

Sio kwamba kila kitu kilienda sawa. Ile dawa wanayodunga ili mishipa ionekane kwa picha ilisumbua figo zake, tukakaa siku mbili roho mkononi. Na kila mwaka lazima apigwe picha, maana damu inaweza kuvuja kando ya lile bomba.

Sasa nisikilizeni hapa. Tuliporudi kliniki, daktari akauliza kama kuna mtu kwetu aliyewahi kufa ghafla.

Baba akainama. Ndugu yake mkubwa, Wesonga, alianguka shambani akikata miwa, ameshika mgongo. Alikufa kabla hajafikishwa barabarani. Sisi wote tumekua tukiambiwa alirogwa na jirani yetu, Mama Makokha. Zaidi ya miaka thelathini watu wa kwetu hawakumsalimia. Hata alipofiwa na mume, hatukuenda.

"Siwezi kusema ni nini kilimuua," daktari akajibu. "Lakini mshipa huu ukipasuka, mgongo huuma ghafla, na ugonjwa wenyewe unaweza kutembea kwa familia. Wanao wapimwe."

Tulipokaribia nyumbani Baba akaniambia, "Usiingie kwetu. Nipeleke kwa Mama Makokha."

Tulimkuta akianika mahindi. Baba alishuka na mkongojo wake, akasimama mbele yake bila kofia.

"Mama Makokha, nimekuja kuomba msamaha. Tulikusingizia."

Yule mama aliacha mahindi, akamwangalia kutoka juu hadi chini. Nilidhani atatufukuza, na ingekuwa haki yake.

"Ingia ndani," akasema. "Wewe ni mgonjwa na umesimama kwa jua."

Wakuu, kama mzee wako alivuta sigara, usingoje aumwe. Omba apigwe ultrasound ya tumbo, haichukui muda na haiumi. Ndugu zangu walipimwa. Mmoja amepatikana na uvimbe mdogo, madaktari wanauchunga.

Kama kuna aliyepitia jambo hili, leteni maoni. Na kama kwenu kuna jirani aliyebebeshwa kifo ambacho hakuna aliyekielewa, niambieni pia: mlianzaje kumsalimia?