Mkate wa Batangas Mtaani Dengfeng

Nilipohamia Xiaobei, mtaa wa Guangzhou, nilikuwa nimekwisha kumaliza masomo, na kazi yangu ilikuwa ukalimani. Miaka ile wafanyabiashara wa Dar na wa kwetu Unguja walikuja Guangzhou makundi kwa makundi, kila mmoja akiwaza kontena lake. Mimi nikiwapeleka Zhongda kutafuta vitambaa, au Guangyuan Xilu kwenye nguo za jumla, nikibishana Kichina kwa niaba yao mpaka sauti ikanikauka. Kazi ilikuwa nzuri. Kilichonishinda ni chai ya asubuhi.

Kwetu chai bila boflo, mkate wetu wa asubuhi, si chai. Na mikate ya Guangzhou, Mungu anisamehe, ilikuwa kama keki iliyopotea njia: laini mno, mitamu mno, imejazwa krimu au imenyunyiziwa nyama ya nguruwe iliyochambuliwa kama sufi. Nikawa nakunywa uji wa mchele, nikijiambia ndiyo ugeni huo, vumilia.

Asubuhi moja mteja wangu alichelewa kuamka, nami nikaingia kichochoro nyuma ya barabara ya Dengfeng kupoteza muda. Harufu ndiyo iliyonivuta. Katikati ya kibanda cha simu na duka la tambi la Waislamu wa Kichina palikuwa na duka la mkate, jembamba kama ukumbi wa nyumba, maandishi ya juu ya mlango yamefifia hata hayasomeki. Mbele alikaa mama mtu mzima mwenye nywele fupi. Nyuma, kwenye moshi wa tanuri, niliuona mgongo wa mzee. Juu ya meza mikate midogo ya kahawia, imepakwa chengachenga za mkate mkavu, bado inatoa mvuke.

"Una mafuta ya nguruwe huu?" nilimuuliza yule mama.

"Mafuta ya karanga," alijibu bila kuinua macho. "Wenye duka la tambi wananunua kila siku. Waulize."

Nikawauliza kweli, maana tumbo la Mwislamu ugenini halifanyiwi bahati nasibu. Wakaniambia niule tu, wao wanaula tangu walipofungua duka lao. Nikauma mmoja nimesimama pale pale. Juu umekauka kidogo, ndani mwepesi, una chumvi na utamu kwa mbali. Haukuwa boflo la Darajani, lakini nilihisi ni ndugu yake.

Tangu siku ile nikawa mtu wa pale. Yule mama nikamwita Ayi, yaani shangazi, kama wanavyoitwa wanawake wa rika lake. Wapagazi walisimamisha mikokoteni yao yenye marobota wakanunua, bibi wa ghorofani walikuja na wajukuu zao, na wote waliuita mkate wa chumvi. Hakuna aliyejua ulitoka wapi. Duka lilikuwepo tangu watu waliporuhusiwa kufungua biashara zao wenyewe, na lilivyokuwepo, basi. Mzee mwenyewe, mumewe Ayi, hakuwa msemaji. Alitoa trei, akatikisa kichwa, akarudi ndani.

Nilikuwa nakaa na mwenzangu Mfilipino, mwalimu wa Kiingereza kwenye skuli ya watoto wadogo. Yeye alitoka alfajiri kwa njia nyingine, hakupata kupita kichochoroni. Jioni moja niliacha mfuko wa mikate mezani. Alirudi kazini, akachukua mmoja, akaupasua kwa vidole, akaunusa. Kisha akakaa na viatu vyake miguuni, yeye ambaye kila siku alinigombeza kwa viatu.

"Umeutoa wapi?"

"Kwa mzee mmoja hapo nyuma."

"Mzee gani?"

"Mzee wa Kichina."

"Huu si mkate wa Kichina," alisema. "Huu ni pandesal. Kwetu mtoto anatumwa kuununua kabla hajanawa uso."

Jumamosi nikampeleka. Mzee alikuwa anakata donge lililovingirishwa kama gogo, akiligaragaza kwenye chenga. Mwenzangu akamwamkia kwa Kitagalogi, akamwita Lolo, maana yake babu. Mzee akasimama. Akamtazama. Akaweka kisu chini taratibu, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Tukatazamana. Nilidhani tumemuudhi. Nikaanza kumwomba radhi Ayi, naye akanikatiza.

"Mama yake alikuwa mtu wa huko," alisema. "Hajaisikia lugha ile tangu akiwa mvulana."

Mzee aliporudi alikuwa ameosha uso. Akajaribu kumjibu mwenzangu, na maneno yakatoka moja moja, kama mtu anayetoa vyombo vya zamani kabatini na kupangusa vumbi. Mwenzangu akaanza kucheka huku machozi yanamtoka.

"Anasema kama mtoto," aliniambia. "Kama mtoto wa zamani, wa zama za bibi yangu."

Asubuhi baada ya asubuhi tukaipata habari yake. Baba yake alikuwa Mkanton, mtu wa huku Guangzhou, aliyekwenda Batangas, Ufilipino, kutafuta maisha, akamwoa mwoka mikate wa mji ule. Mzee alizaliwa na kukulia penye unga. Alipokuwa mvulana baba alimchukua kuja China asome, kwa nia ya kumrudisha. Njia zikafungwa, barua zikakatika, baba akafa. Miaka mingi baadaye msafiri aliyetoka huko alimwambia mama naye ameshafariki. Hakuwahi kurudi. Mkate aliuunda upya kwa kumbukumbu ya mikono tu, na katika Guangzhou nzima hakuwa na mtu wa kumuuliza kama amepatia.

Sasa alimpata. Akamuuliza mwenzangu, "Ni wenyewe?"

Mwenzangu si mtu wa uwongo. "Mzuri sana, Lolo," alisema. "Lakini kuna kitu. Sijui ni kitu gani."

Mzee akainamisha kichwa. Siku ile mikate ilitoka imeungua, jambo ambalo sikuwahi kuliona pale.

Ni mwenzangu aliyemuuliza kama ameacha mtu kule. "Dada," alisema. "Alikuwa bado anatambaa." Mwenzangu akampigia simu mama yake, mama akampigia jamaa wa Batangas, jamaa akauliza wazee wa kanisani, na habari ikazunguka hivyo wiki kadhaa mpaka ikarudi: dada yupo, mjane, anakaa mji ule ule.

Walizungumza kwenye kibanda cha simu cha jirani. Sisi tulijazana mlangoni, mimi, Ayi, mwenzangu na mwenye duka la tambi na mwiko wake. Mzee alishika simu kwa mikono miwili. Muda mrefu alisema "oo" tu, "oo", yaani ndiyo kwa lugha yao. Kisha akaangua kicheko ambacho Ayi mwenyewe aliapa hakijui.

"Ananiuliza kama bado naogopa mabata," alituambia. Mama yao alikuwa akimsimulia binti habari za kaka yake mpaka siku alipokufa.

Sote tulitaka aende. Yeye akakataa.

"Nani ataoka?"

"Mimi," alisema Ayi.

"Hujui."

"Miaka yote hii nimekaa nyuma ya mgongo wako. Unadhani nilikuwa nimefumba macho?"

Mzee akaondoka na mwenzangu skuli zilipofungwa kwa mwaka mpya wa Kichina, amebeba mfuko wa mikate yake mwenyewe aliyoiweka mapajani ndani ya ndege, hakutaka iwekwe juu. Masoko ya jumla yalikuwa yamefungwa na sikuwa na wateja, basi nikajifunga kanga kiunoni nikaingia penye tanuri na Ayi.

Siku ya kwanza tulitoa mawe. Hamira tuliiunguza kwa maji ya moto, donge likagoma kuumuka, nasi kwa ukaidi tukalioka vivyo hivyo. Bibi mmoja wa ghorofani aliugonga mkate mezani.

"Huu wa kula au wa kujengea?"

Lakini akanunua, na wengine wakanunua. Mwenye duka la tambi aliuchovya kwenye supu akasema ukiloweka sana unafaa. Siku ya pili tulitoa mawe madogo zaidi. Kufikia mwisho wa wiki tukawa tunatoa kitu kinachoitwa mkate. Ayi alikuwa anakanda kwa hasira, nywele nyeupe kwa unga, akimsema mumewe kwa kutomfundisha, na papo hapo akiniuliza kama naona huko Batangas kuna baridi, na kama amevaa fulana ya ndani.

Asubuhi moja tulipokuwa tunasubiri trei, nilimwona anakunywa uji wake wa mchele. Nikatambua sijapata kumwona akila mkate.

"Ayi, wewe huupendi?"

"Sijawahi kuupenda," alisema. "Nimempenda yeye."

Mzee alirudi amechomwa na jua. Tulimkalisha kwenye kiti cha Ayi, tukamzunguka, na mwenye duka la tambi akaleta bakuli la supu. Mzee alisema dukani kwa mama yake sasa wanauza simu, na mkate wa kule siku hizi ni laini na una sukari nyingi. Alikwenda kwenye kaburi la mama na dada yake. Jioni ile akampa mkate wake. Dada akatafuna, akafumba macho.

"Huu si wa mama," alimwambia. "Wa mama ulikuwa na mafuta ya nguruwe."

"Basi?" Ayi aliuliza.

"Basi akaniambia nimpe mwingine."

Wote walicheka. Mimi nilicheka nao, lakini nikawaza chai yangu ya asubuhi. Mzee sasa alijua alichokuwa anakitafuta maisha yake yote, na kilipatikana kwa muuza nyama ya nguruwe wa kona, hatua chache tu. Nilimtazama mwenye duka la tambi, naye alikuwa anatazama bakuli lake. Ungemwambia nini mtu? Mkate ni wa mama yake.

Siku mbili tatu baadaye nilifika nikamkuta Ayi amesimama mlangoni ameziba njia.

"Leo usinunue," alisema. "Nenda kazini."

Ndani mzee alikuwa ameoka kwa mafuta ya nguruwe, kwenye trei moja mpya aliyoinunua kwa kazi hiyo. Alikaa nyuma juu ya gunia la unga, mwenzangu pembeni yake, wanakula. Mwenzangu aliniambia baadaye kwamba safari hii hakikukosekana kitu. Mzee alikula mitatu, akafuta midomo. Kisha akaichukua ile trei, akaitoa nje, akampa muuza nyama wa kona abaki nayo.

Kesho yake nilipita kwa woga. Ayi alinitolea mfuko kama kawaida. Mzee akatoka ndani, akasimama mbele yangu, na kwa mara ya kwanza akaniongelesha mwenyewe, kwa Kimandarini chake kibovu.

"Karanga," alisema, akionyesha mfuko.

"Lakini umeshaupata wa mama, Mzee."

"Wa mama nimeshaula. Huu ni wa hapa."

Nilikwenda Zhongda na mfuko ule kifuani, na mteja wangu wa Kariakoo akaniuliza kulikoni, mbona leo sibishani bei.

Mwaka uliofuata dada alikuja. Mwanamke mfupi, mcheshi, mwenye sauti kubwa, akamwita kaka yake Kuya, yaani kaka mkubwa, mbele ya wapagazi wote, akamshika sikio kama mtoto. Baada ya siku moja akawa anakaa mbele ya duka pamoja na Ayi, na baada ya siku mbili wakaanza kugombana. Dada alitaka sukari iongezwe, kama kwao sasa. Ayi hakutaka kusikia. Dada alisema kwa Kitagalogi, mwenzangu akanitafsiria kwa Kiingereza, nami nikamfikishia Ayi kwa Kichina, kila mmoja wetu akipunguza ukali kidogo njiani. Mzee angeweza kuwatafsiria mwenyewe, lakini kila walipoanza alikumbuka jambo la kufanya nyuma.

"Mwambie mikate yake migumu," dada alisema.

Nilimwambia Ayi kwamba wifi yake anaisifu mikate kwa uimara wake.

Ayi alinitazama, akamtazama wifi yake, akasukuma bakuli la uji wa mchele mbele yake. "Mwambie ale," alisema. "Amekonda."