Kumpeleka Mtu Pwani

Ungenifumba macho ukaniacha katikati ya Mji Mkongwe, pua yangu ingenifikisha nyumbani. Darajani palinuka papa mkavu na maji ya samaki. Ukiingia mtaa wetu wa Mkunazini ulikutana na bizari ikikaangwa, maana kila nyumba ilikuwa na bibi aliyeiona bizari ya dukani kuwa ni vumbi tu. Ukishika mkono wa kulia, kuelekea Kiponda, ilikuja harufu ya halua na ubani. Ukishika kushoto, Sokomuhogo, ilikuwa chokaa mbichi ya majumba yanayokarabatiwa, mpaka upepo wa chumvi ukupige usoni Shangani. Mitaa ilikuwa na majina, lakini vichochoro vingi havikuwa nayo, basi tulielekezana kwa barza la mawe mbele ya nyumba, kwa muuza kahawa, kwa mlango uliong'oka misumari. Mimi nilikuwa na miaka kumi, nilivijua vyote, na kiburi kilinijaa mpaka kooni.

Likizo ile mimi na binamu yangu Rukia tulikuwa na mchezo wetu. Tulikaa barzani karibu na Darajani, na mzungu akituuliza njia tulimwelekeza kwa adabu zote, ila tulimzungusha mpaka atokee baharini. Tukiuita kumpeleka mtu pwani. Tukijiambia hadhuriki mtu, kwani mzungu akiiona bahari hupiga picha akafurahi.

Siku moja, jua halijafika utosini, akaja mwanamke mwenye buibui lililofifia, ukanda wa kandambili yake umefungwa kwa uzi. Alikuwa ameshuka gari ya Chwaka. Alituuliza, kwa lafudhi ya shamba iliyomfanya Rukia aume ncha ya mtandio asicheke, wapi kwa Bi Zuwena mshona kofia, Kiponda. Macho yake yalikuwa mekundu, nikadhani ni vumbi la njiani.

"Nna haraka, mwanangu," alisema.

Bi Zuwena nilimjua, kofia za baba zilishonwa kwake. Ilikuwa mwendo mfupi tu, mkono wa kulia, ukishampita muuza halua. Nami, kwa sababu ya ile lafudhi, na kwa sababu Rukia alikuwa akinitazama, nikamwonyesha kushoto. Ashike Sokomuhogo, nilimwambia, apinde penye barza refu, aende moja kwa moja mpaka aione bahari, hapo aulize tena. Akanishukuru, akaniombea dua nikue niwafae wazazi wangu. Alipopotea kichochoroni tulicheka mpaka mbavu zikauma. Kuuliza si ujinga, husema watu wetu. Juu ya anayejibu hawakusema kitu.

Baada ya adhuhuri mama alirudi kutoka kazini, akaniambia nijifunge mtandio. Bi Zuwena amefariki, jeneza limeshatoka, twende tukawape mkono wafiwa. Kwetu wanawake hawendi makaburini. Mwanamke humuaga maiti wake ndani ya nyumba. Maiti hufunuliwa uso mara ya mwisho kabla hajatolewa, na asiyewahi hapo ndiyo basi tena. Tuliingia tukakaa kwenye majamvi, na ukutani, miguu imejaa vumbi, kandambili imeshakatika kabisa, alikuwa amekaa yule mwanamke wa Chwaka. Alikuwa mdogo wake marehemu, baba mmoja mama mmoja. Wanawake walinong'ona kuwa alisubiriwa sana, mpaka sala ikafika na wanaume hawakuweza kungoja tena. Alipotokea, jeneza lilikuwa linakata kona, naye alilikimbilia mpaka wakamshika.

Nilijificha nyuma ya mama. Akaniona.

"Huyu ndiye mtoto aliyenielekeza," alimwambia mama. "Kanielekeza vizuri. Mie mtu wa shamba, nilichanganya kulia na kushoto."

Mama akanipapasa kichwa. Nilikuwa na neno la kusema, likafika ulimini, nikalimeza. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

Leo wageni wanaongozwa na simu, na barza letu limegeuzwa duka la vikoi. Rukia anakaa Mwanakwerekwe, na nikimkumbusha husema tulikuwa watoto. Mtoto wa miaka kumi anajua kulia na kushoto. Siku hizi mtu akiniuliza njia nampeleka mwenyewe mpaka mlangoni, watu wananisifu kwa ukarimu, nami sifa zile zinanichoma.

Mwaka jana nilijikaza nikaenda Chwaka kuomba radhi. Nilimuuliza njia msichana aliyebeba ndoo. Akaiweka chini, akanishika mkono, akanifikisha mpaka ukumbini. Bibi yule sasa haoni vizuri. Sikujitaja jina, nilimwambia tu kuwa natoka Mkunazini, akanipa dafu, akacheka.

"Mji wenu mgumu ule," alisema. "Siku ya maziko ya dada yangu nilipotea, sikuwahi kumuona uso. Lakini palikuwa na mtoto wa kike, ana adabu huyo! Alinielekeza vizuri, ujinga ulikuwa wangu. Mpaka leo nikisali namuombea. Mungu amlipe kheri."

Akangoja niitikie dua. Nikasema, "Amin," nikamaliza dafu langu, nikarudi mjini.