Mwalimu naye alipokwama kwenye kizuizi

"Mwenye nia hachelewi." Ndivyo mwalimu wetu wa master ya uuguzi anavyotuimbia sisi tunaotoka Oicha kuja kusoma Beni.

Uongo!

Leo asubuhi tulikwama naye kwenye kizuizi cha askari barabarani. Alikuwa amelala Oicha kwa sababu ya msiba.

"Mimi ni professeur, fungua!"

"Papa, hata gari ya professeur inachomwa na waasi. Ngoja convoi, magari yasindikizwe na jeshi," askari akamjibu.

Tulicheka. Naye akacheka, lakini kidogo sana.

Tulipofika Beni, mtihani ulikuwa umeanza. Yeye akaingia, sisi akatufungia mlango: "Règlement ni règlement, sheria ni sheria."

Bila mtihani huo ninarudia mwaka, na umri huu!

Wenzangu mnaolala Beni, kesho kuna mtihani mwingine: msiguse kalamu mpaka convoi ya Oicha ifike.