Sauti Yangu Ilipolia Sebuleni

Nilijisikia nikilia. Nilikuwa naoga uani, nyumbani kwetu Kasungami, macho nimeyafumba kwa sabuni, na sauti yangu mwenyewe ikawa inalia sebuleni.

"Mama, banikamata huku Kipushi. Tuma makuta sasa hivi. Usiambie muntu!"

Kilio kile kilikuwa changu, hata namna ninavyovuta pumzi katikati ya neno. Nikajifunga taulo, nikaingia. Mama alikuwa amesimama, simu mkononi, pochi kwapani, tayari kwenda kibandani kutuma pesa. Aliponiona hakufurahi. Alirudi nyuma hadi ukutani.

"Weye ni nani?"

Sijawahi kuogopa swali kama lile. Maji yalinidondoka. Neno lolote ambalo ningesema, yule wa kwenye simu angelisema pia, kwa sauti ileile.

Nina jina la babu, baba yake mama. Kwa hiyo tangu nizaliwe mama huniita baba, nami humwita mtoto wangu. Ndivyo ilivyo kwetu, wageni hucheka. Mama akaisogeza simu mdomoni.

"Kwetu unaniitaka namna gani?"

"Mama! Mama, bananipiga!"

Akanigeukia.

"Mutoto yangu," nikasema, "kata iyo telefone."

Akakata. Akanishika uso kwa mikono miwili, bila kujali sabuni, akanitazama muda mrefu mno.

"Unasomeaka bantu hadisi zako ku telefone, kila muntu anachukua sauti. Ona sasa. Nilizala mapacha, na moya ni mwizi."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Simu ikaita tena. Hakuna aliyeigusa. Iliponyamaza ndipo nikamkumbuka dada yangu mkubwa, kule mtaa wa Golf, ambaye humwamini kila anayelia. Nikanyoosha mkono nimpigie.

"Apana! Atajua namna gani kama ni weye? Enda, akuone na macho. Mupatane neno lenu ya siri."

Nikavaa haraka, povu lingali masikioni. Mlangoni akanivuta mkono.

"Ukirudi, uniite mutoto kwanza. Kama apana, sifungule."

Nikatoka. Nyuma yangu mlango ukafungwa, kisha nikasikia komeo.